Spika kubwa, chumba kigumu: ukuta mfupi, ukuta mrefu au kona?

Una spika kubwa za kusimama sakafuni. Umezipanga pale palipobaki nafasi, umekaa, umeweka wimbo unaoujua vizuri, na sauti ya mwimbaji haitulii. Inaegemea upande mmoja, au inatandaa kama ukungu kati ya spika mbili bila kuwa na mahali. Besi nayo inavuma kwenye noti mbili tatu, halafu noti inayofuata inapotea kabisa. Spika zenyewe mara nyingi hazina kosa. Chumba ndicho kinachosema.

Chumba kigumu kina sura nyingi. Kipo chembamba kama korido. Kipo chenye dirisha kubwa la kioo upande mmoja na uwazi wa mlango upande wa pili. Kipo cha mraba, na kipo ambacho kochi lake halihamishiki. Katika vyumba vyote hivi mtu hubaki na njia tatu: kupanga spika mbele ya ukuta mfupi, mbele ya ukuta mrefu, au kuzipanga mshazari kuzunguka kona. Nimeishi na zote tatu, na kila moja niliipenda kwa sababu yake.

Ili ulinganisho uwe wa haki, nitatumia chumba kimoja katika hesabu zote: urefu mita 5.2, upana mita 3.6, kioo upande mmoja na uwazi upande wa pili. Spika ni za njia tatu, kina cha kabati sentimita 40. Umbali kati ya spika na spika ni mita 2.4, na kutoka kila spika hadi kichwani ni mita 2.4 vilevile, yaani pembetatu ya pande sawa. Sikupunguza zaidi ya hapo kwa sababu spika kubwa ina wufa (ya besi), spika ya sauti za kati na twita (ya sauti kali) zilizoachana kwa wima. Ukikaa karibu mno, kila moja inasikika peke yake badala ya kuungana.

## Vigezo kwanza

Taswira, yaani mahali ambapo sikio linamwona mwimbaji na kila ala. Hiki ndicho kigezo kilichotuleta hapa, kwa hiyo nitakikalia kidogo. Spika mbili zikitoa sauti ileile, kwa nguvu ileile na kwa wakati uleule, ubongo humweka mwimbaji katikati, mahali ambapo hakuna kitu chochote. Mhandisi Alan Blumlein aliombea hataza kazi yake ya stereo huko Uingereza mwaka 1931, na hadi leo kila kitu kinategemea udanganyifu huo mzuri. Lakini udanganyifu wenyewe ni mwepesi kuvunjika. Sauti ya spika moja ikitangulia kwa takriban milisekunde 1, mwimbaji anahamia kwenye spika hiyo. Milisekunde 1 ni sentimita 34 tu za safari ya sauti, na hata tofauti ya sentimita 10 inatosha kumsogeza pembeni.

Halafu kuna sauti zinazodunda ukutani. Mwaka 1949 mtafiti Helmut Haas alionyesha kwamba sauti inayofuata nyuma ya ile ya kwanza kwa milisekunde chache haisikiki kama mwangwi; sikio linaiunganisha na ya kwanza. Watu wengine huchukua hilo kuwa ruhusa ya kuzipuuza kuta. Mimi sikubaliani. Sauti iliyodunda mapema na kwa nguvu hubadilisha rangi ya ala, na ikidunda kulia bila kudunda kushoto huivuta taswira nzima. Tunatafuta mambo mawili: idunde kwa kuchelewa, na idunde sawasawa pande zote mbili. Nikilazimishwa kuchagua, nachukua usawa.

Besi. Kuna hesabu mbili za kujua. Ya kwanza ni masafa (mitetemo ya sauti kwa sekunde, Hz) ambayo chumba chenyewe huyakuza: gawanya 343 (kasi ya sauti, mita kwa sekunde) kwa mara mbili ya urefu kati ya kuta. Chumba chetu kinatoa 33 Hz kwa urefu na 48 Hz kwa upana. Ya pili ni shimo, yaani masafa yanayozimwa, linalochimbwa na ukuta ulio nyuma ya spika: gawanya 343 kwa mara nne ya umbali kutoka uso wa spika hadi ukutani. Sentimita 50 zinachimba shimo karibu na 171 Hz, mita 1.1 karibu na 78 Hz. Shimo halikwepeki. Unachoweza kuchagua ni mahali litakapoangukia.

Kiti. Taswira inamhudumia mtu mmoja asiyetikisika, au inavumilia wawili?

Nafasi. Sakafu kiasi gani inaliwa, na watu wa nyumbani watapitia wapi?

## Mbele ya ukuta mfupi

Hapa sauti inasafiri kwa urefu wa chumba. Nyuso za spika ziko mita 1.1 kutoka ukuta wa nyuma yake na sentimita 60 kutoka kuta za pembeni. Kiti kiko mita 3.2 kutoka ukuta huohuo ulio nyuma ya spika, na mita 2 zinabaki nyuma ya kichwa.

Taswira. Zawadi ya mpangilio huu ni kina. Spika zikiwa na hewa ya kutosha nyuma yake, ngoma zinarudi nyuma ya mwimbaji, na waitikiaji wanasimama mbali zaidi kuliko ukuta ulipo. Aliyewahi kusikia hilo hasahau.

Udhaifu uko pembeni. Sauti inayodunda kwenye ukuta wa pembeni ulio karibu inasafiri sentimita 78 tu zaidi ya ile ya moja kwa moja. Inafika baada ya milisekunde 2.3, na umbali huo wa ziada umeipunguza desibeli 2 hivi tu. Kama kuta mbili zinafanana, unaweza kuishi na hali hiyo. Kama upande mmoja ni kioo na mwingine ni uwazi, una tatizo halisi. Kwangu mwimbaji aliegemea kwenye kioo, nikawa nazungusha kitufe cha balansi. Sauti yake ilirudi katikati, lakini gitaa lililokuwa upande wa pili likapanda juu kuliko lilivyorekodiwa. Kitufe kinabadilisha ukubwa wa sauti. Hakiwezi kubadilisha kinachodunda.

Kilichosaidia kilikuwa pazia zito mbele ya kioo pamoja na spika kugeuzwa ndani sana, hadi mistari ya zinakoelekea ikakutana kiasi cha sentimita 30 mbele ya pua yangu. Twita hurusha sauti mbele kama tochi, kwa hiyo ukiigeuzia mgongo kioo, kioo kinapata kidogo. Sauti za chini zaidi hazitii. Hizo huzunguka kabati na kufika ukutani vyovyote vile, na kuzikamata kunahitaji paneli nene ya kumeza sauti, sentimita 10 kwenda juu, tena ikiachiwa hewa nyuma yake. Sponji nyembamba ya sentimita 2 au 3 inameza sauti kali peke yake na kukuachia chumba kizito kisicho na uhai. Mahali pa kuweka paneli patafutwe kwa kioo cha kujitazamia: wewe kaa kitini, mwenzako ateleze kioo ukutani kwa usawa wa twita. Pale utakapoiona twita ndani ya kioo ndipo sauti inapodundia.

Besi. Hapa ndipo mpangilio huu unaposhinda kwa urahisi. Kiti hakiko katikati kamili ya urefu, ambapo 33 Hz ingezimika, wala hakijagusa ukuta ambapo ingefura. Zile mita 2 nyuma ya kichwa ni karibu asilimia 38 ya urefu wa chumba, kipimo ambacho wajenzi wengi wa vyumba vya kusikilizia huanzia. Shimo la ukuta limeshuka hadi 78 Hz, chini ya sehemu kubwa ya sauti ya binadamu.

Wengine wataanza na hesabu ya George Cardas, mtengenezaji wa nyaya za sauti: umbali wa pembeni ni upana wa chumba mara 0.276, na wa nyuma ni upana mara 0.447. Kwa chumba chetu hiyo ni sentimita 99 pembeni na mita 1.61 nyuma. Ni mahali pazuri pa kuanzia katika chumba kipana. Katika upana wa mita 3.6 inabakiza mita 1.6 tu kati ya spika na spika, na spika kubwa zikibanwa hivyo, jukwaa la sauti linakuwa dogo.

Kiti. Ni cha mtu mmoja. Wa pili anakaa karibu na ukuta na kusikia spika moja.

Nafasi. Mita za mraba 4 zinaliwa mbele, na kiti kinasimama karibu na katikati ya chumba. Chumba hiki kimeamua kuwa cha muziki.

Inamfaa msikilizaji wa peke yake anayependa rekodi za ukumbini, kwaya na jazi, ambaye kuta zake za pembeni zinafanana au zinaweza kufananishwa.

## Mbele ya ukuta mrefu

Sasa chumba kimegeuzwa. Kuta za pembeni ziko mita 1.4 kutoka kila spika. Nyuso za spika ziko sentimita 50 kutoka ukutani, kwa hiyo nyuma ya kabati zinabaki sentimita 10. Kichwa kiko mita 1 kutoka ukuta wa nyuma.

Taswira. Sauti ya kudunda pembeni inasafiri mita 2.1 zaidi, inachelewa milisekunde 6, na umbali peke yake umeipunguza desibeli 5 hivi. Ndiyo maana mwimbaji anakaza katikati mara moja, na jukwaa linapanuka hadi nje ya spika. Kioo na uwazi, ambavyo sasa viko mbele na nyuma badala ya pembeni, bado vinasikika, ila havitawali tena.

Unachokosa ni kina. Ukuta uko karibu mno nyuma ya spika, na kila kilichosimama kati yake, kama meza pana au runinga kubwa, kinadundisha sauti kutoka palepale anaposimama mwimbaji. Sogeza vitu hivyo nyuma ya mstari wa nyuso za spika. Kingine ni ukuta wa nyuma yako. Kwa mita 1 sauti yake inachelewa karibu milisekunde 6, na hilo linavumilika. Lakini kochi likisukumwa hadi ukutani na kichwa kikabaki sentimita 30, ucheleweshaji unashuka chini ya milisekunde 2 na taswira inapoteza ukali. Rafu ya vitabu vyenye kina tofauti au paneli nene nyuma ya kichwa inarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea.

Besi. Ukuta ulio karibu unaongeza besi, na spika kubwa haikuhitaji nyongeza. Kama tundu la besi liko mgongoni, jaribu kuliziba kwa sponji, au kwa soksi zilizokunjwa kabla ya kutafuta sponji. Shimo la 171 Hz linaangukia sauti ya kifua cha mwanamume, inasikika nyembamba. Na kadiri unavyokaribia ukuta wa nyuma, ile 48 Hz inafura masikioni.

Programu za kurekebisha chumba zinasaidia hapa zaidi kuliko kwingine, kwa sharti uzielewe. Zinaweza kukata mlima, yaani masafa yaliyofura. Haziwezi kujaza shimo, kwa sababu nguvu unayoongeza inazimwa na ukuta uleule, na amplifaya inachoka bure.

Kiti. Wawili wanaweza kukaa. Geuza spika ndani hadi mistari yake ikutane mbele ya kochi. Aliyekaa kushoto yuko karibu na spika ya kushoto, lakini anatazamwa usoni na ya kulia. Anachopoteza kwa muda anarudishiwa kwa nguvu. Si kamili, ila mwimbaji habaki mfukoni mwa mtu mmoja.

Nafasi. Ndio mpangilio unaoishi vizuri na familia, mradi njia ya kupita isiwe kati ya spika na kochi.

Inamfaa mwenye chumba chembamba, mwenye pande mbili zisizofanana, na anayesikiliza pamoja na mtu mwingine. Haimfai asiyeweza kulivuta kochi hata kidogo kutoka ukutani.

## Mshazari, kuzunguka kona

Mpangilio huu watu huucheka kabla ya kuujaribu. Kona inakuwa katikati ya nyuma, kila spika iko sentimita 50 kutoka ukuta ulio karibu nayo, na kiti kinatazama kona.

Taswira. Ukipima kwa tepu, sauti inayodunda kwenye ukuta wa karibu inachelewa chini ya milisekunde 3, karibu sawa na kwenye ukuta mfupi. Kwa karatasi basi hakuna faida. Faida iko mahali sauti hiyo inapotokea. Kuta zinafunguka kutoka kona, kwa hiyo pa kudundia panaangukia nyuma ya uso wa spika. Sauti inayofika pale imetoka ubavuni na mgongoni mwa kabati, ambako twita haina nguvu. Sauti kali, zile zinazochora mahali pa ala, karibu hazidundi. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani mtu amefunika kuta. Ongezea kwamba pande mbili za kona hupimika sawa hata kama chumba chenyewe kimepinda mbele yake.

Lakini chumba kirefu kinadai chake. Katika mita 5.2 kwa 3.6, kichwa kinaangukia kama sentimita 80 kutoka ukuta mrefu wa mbali, na spika iliyo upande huo inapiga ukuta huo na kukurudia baada ya milisekunde 2.3. Spika ya pili haina ukuta wa karibu wa kufanya hivyo. Kwa hiyo chagua kona kwa akili: ile ambayo ukuta huo wa mbali ni uwazi au pazia zito. Chumba chetu kigumu kina uwazi upande mmoja, na hapa ndipo kasoro yake inapogeuka msaada. Chumba cha mraba hakina shida hii.

Besi. Usizisukume spika ndani ya kona. Kona huamsha masafa yote ambayo chumba hukuza, na spika kubwa humo inakuwa pipa linalovuma. Zikiwa mbele zaidi, kila spika inakuwa na umbali mmoja kwa ukuta mmoja, sentimita 50, na mwingine kwa ukuta wa pili, zaidi ya mita 2. Mashimo yanatawanyika badala ya kurundikana. Kona tupu nyuma ya spika ni mahali bora kabisa pa kuweka mtego mnene wa besi, yaani paneli nene ya kuimeza.

Kiti. Cha mtu mmoja, na ukisogea pembeni unasogelea ukuta.

Nafasi. Hapa ndipo wengi wanapoachia. Pembetatu nyuma ya spika inameza mita za mraba 3.6, karibu moja ya tano ya chumba, na fanicha nyingine yote inabaki imekaa upandeupande.

Inamfaa mwenye chumba cha mraba, mwenye kuta tupu asizoruhusiwa kutoboa wala kufunika, na mwenye chumba cha peke yake.

## Kabla ya kuhukumu mpangilio wowote

Nimeona watu wakiuacha mpangilio mzuri kwa sababu ya waya mmoja. Hakikisha chanya na hasi hazijabadilishana kwenye spika moja. Zikibadilishana, besi inakonda na mwimbaji hana mahali. Funga uzi mahali kichwa kinapokaa na upime hadi kila twita. Tofauti isizidi sentimita 1. Twita iwe usawa wa sikio. Kisha cheza rekodi ya mono (sauti ileile kwenye spika zote mbili) ya mtu anayezungumza. Anapaswa kuwa sehemu moja ndogo, katikati kabisa. Kama ni mpana, geuza spika ndani kidogokidogo, nyuzi 2 au 3 kila mara, spika zote mbili kwa pamoja. Weka alama sakafuni kwa utepe wa gundi kila hatua, kwa sababu masikio yanasahau haraka. Kaa na kila mpangilio siku kadhaa.

## Kuchagua kwa hali yako

Chumba kirefu, kuta za pembeni zinafanana, unasikiliza peke yako: anza na ukuta mfupi, na usione haya kuvuta spika hadi mita 1 na zaidi kutoka ukutani.

Kioo upande mmoja na uwazi upande wa pili, na chumba ni cha familia: ukuta mrefu. Lipiganie kochi lipate walau sentimita 60 nyuma ya vichwa, hata kama ni jioni za kusikiliza tu na baadaye linarudi.

Kioo na uwazi vilevile, lakini chumba ni chako peke yako: jaribu kona kabla ya kutumia chochote kwenye paneli.

Chumba cha mraba: kona ndiyo ya kwanza kujaribu. Ikishindikana kwa sababu ya nafasi, ukuta wowote utatoa besi ileile, kwa hiyo chagua ule unaokupa kuta za pembeni zinazofanana zaidi.

Upana chini ya mita 3 kwa spika kubwa: ukuta mfupi utabana taswira na ukuta mrefu utakugandisha nyuma. Hapo nachagua ukuta mrefu na paneli nene nyuma ya kichwa. Kama spika zina tundu mgongoni, naliziba tangu siku ya kwanza na kulifungua tu pale besi itakapoonekana kupungua.